Akwilegia Zinapogoma Nakuru: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Akwilegia ni ua la nchi za baridi, na shida zake nyingi hapa kwetu zinaanzia hapo. Spishi zake za porini, takriban 70, zote ni za nusu ya kaskazini ya dunia: misitu na malisho ya Ulaya, milima ya Asia hadi Siberia na Japani, na Amerika Kaskazini kuanzia Kanada hadi Meksiko. Milima ya Kenya haina hata moja ya kwake. Kwa hiyo mtu wa mtaa wa Section 58 au wa Milimani hapa Nakuru akiniambia akwilegia yake ina ugonjwa, siulizi kwanza amepulizia dawa gani. Namuuliza anakaa juu kiasi gani na usiku anajifunika blanketi ngapi.

Kisumu mjini ni kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Kakamega kama 1,530, Nakuru mjini 1,850 hivi, Eldoret 2,100, Molo karibu 2,500, na Timboroa inapita 2,700. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi. Kati ya Dunga, ufuoni Kisumu, na Molo, basi, kuna tofauti ya nyuzi nane au tisa, na kwa mmea huu hizo ni nyingi. Molo, Mau Summit na Timboroa akwilegia hukaa kama mgeni aliyekaribishwa. Njoro na Eldoret inawezekana bila taabu kubwa. Nakuru mjini itakubali ukiipa kivuli cha mchana na ukichagua spishi vizuri. Kisumu, kwa maoni yangu, ipande kwenye chungu kwa msimu mmoja tu, au uiache kabisa na upande kitu kingine. Hakuna dawa ya agroveti inayoshusha joto la usiku.

Mengine yote yasome ukijua hilo.

Mbegu zimekaa mwezi mzima, hazijaota

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, na mara nyingi mbegu ni nzima kabisa. Mbegu ya akwilegia, ile nyeusi inayong'aa, hutoka kwenye ganda lake kiinitete kikiwa bado kichanga. Kwao, huanguka chini kiangazi, ikalala chini ya theluji, ndipo ikaota majira ya kuchipua. Ukiitoa kwenye pakiti na kuitupa kitaluni Nakuru mwezi wa Machi, inangoja baridi ambayo haitakuja.

Ipe hiyo baridi mwenyewe. Changanya mbegu na mchanga safi wenye unyevu, kiasi kwamba ukiufinya hautoi maji. Tia kwenye mfuko wa plastiki, kisha uweke chini kabisa ya friji, kwenye droo ya mboga, kwa wiki tatu au nne. Friza hapana. Stima ikipotea kwa saa chache si neno, lakini mchanga ukikauka kazi yote imeharibika, kwa hiyo uchungulie mara kwa mara.

Kosa la pili ni kufukia. Sisi tumezoea mahindi na maharagwe, na mkono unataka kufunika mbegu kwa udongo. Akwilegia huota vizuri ikiona mwanga. Imwage juu ya udongo uliolainishwa, ikandamize kidogo kwa kiganja, basi. Maji usiyamwage juu. Weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo ili udongo unywe kutoka chini, la sivyo mbegu zote zitahamia pembeni.

Halafu joto. Nyuzi 18 hadi 21 zinaifaa. Chini ya mabati Kisumu, ambako mchana hupita nyuzi 30, itagoma hata kama ulifuata kila kitu. Tafuta chumba cha sakafu ya simenti upande usiopigwa na jua la alasiri. Baada ya friji hesabu wiki tatu au nne tena, na usishangae nyingine zikitoka katika mwezi wa pili baada ya kupanda, kwa sababu hazitoki zote siku moja kama sukuma. Trei usiimwage mapema.

Kama mbegu ni ya zamani, imekaa dukani miaka, usingizi wake huwa mzito zaidi. Irudishe kwenye friji mara ya pili kabla ya kuitupa.

Miche imeota, kisha inaanguka shingoni

Ukiangalia utaona shina limekuwa jembamba na la kahawia pale linapogusana na udongo, na mche umelala. Hiki ni kinyausi, kazi ya vimelea kama Pythium na Rhizoctonia, na chanzo chake ni maji mengi, hewa kidogo na miche kusongamana. Iliyoanguka haiponi. Punguza maji, fungua madirisha, ng'oa nusu ya miche, na safari nyingine tumia udongo uliochomwa kwa mvuke badala ya ule wa chini ya banda la ng'ombe.

Majani tele, mwaka wa pili, na ua hakuna

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake halipendwi.

Akwilegia nyingi hazitoi ua mpaka zipite hatua mbili, na kwa mpangilio. Kwanza mmea ukue, ufikishe majani kama 12 hivi. Kisha upigwe na baridi ya muda mrefu, nyuzi 4 au 5, wiki 8 hadi 12. Baridi ikija mmea ukiwa bado mchanga, haihesabiki. Mmea ukiwa mkubwa bila baridi, unaendelea kutoa majani mazuri ya kijani ya samawati, na mwenyewe anaendelea kuongeza CAN, ile mbolea ya nitrojeni, akidhani una njaa. CAN inazidisha majani. Ua haliletwi na mbolea ya nitrojeni.

Wapo wanaolaumu urefu wa siku. Hoja ina mantiki, maana hapa karibu na ikweta mchana ni saa 12 mwaka mzima, na kuna maua ya kigeni yanayokwama kwa sababu hiyo. Lakini Aquilegia formosa, ile nyekundu na njano ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, ilipofanyiwa utafiti ilionekana kinachoisukuma kuchanua ni baridi. Urefu wa siku haukuibadilisha. Taa za usiku kitaluni, basi, ni kuongeza bili ya stima.

Cha kufanya kinategemea ulipo. Kule Molo na Timboroa, mwezi wa Juni na Julai, usiku hushuka chini ya nyuzi 10 lakini mchana hupanda tena, kwa hiyo baadhi ya akwilegia huchanua na baadhi hazichanui, hata zikiwa zimepandwa mstari mmoja. Nakuru mjini na kwingine kwenye joto, una njia mbili.

Ya kwanza, na ndiyo ninayoipendekeza, ni kununua aina zilizozalishwa zichanue mwaka wa kwanza bila kudai baridi ndefu. Pakiti huandikwa hivyo. Bei yake ni kubwa na maua yake ni makubwa na mafupi shina. Anayetaka sura ya porini hayatamfurahisha, lakini angalau atayaona.

Ya pili ni kuupa mmea mzima baridi. Mwenye jamaa kwenye shamba la maua la Njoro au Naivasha lenye chumba baridi aombe kona moja. Wengine tunatumia friji. Acha mmea ufikishe majani yake 12 kwenye chungu kidogo, uuweke humo wiki 8 hadi 10, udongo ukiwa na unyevu tu. Majani yatanjanoka na kufa kwa kukosa mwanga. Usishtuke, kwa sababu kinachohesabu baridi ni kile kitovu chenye machipukizi hapo chini. Muhimu zaidi, usiuweke pamoja na ndizi au maembe yanayoiva. Matunda hayo hutoa gesi ya ethilini, na machipukizi huharibika kimyakimya. Ukiutoa, uweke kivulini wiki moja kabla ya kuusogeza kwenye jua.

Uchaguzi wa spishi nao una maana. Aquilegia alpina ya milima ya Alps na jamaa zake wa Siberia ni kujitafutia maumivu. Aquilegia vulgaris ya Ulaya, inayojaa kwenye pakiti za mbegu mchanganyiko, inadai baridi lakini ni ngumu kufa. Aquilegia canadensis ina uvumilivu wa ajabu: kwao inaanzia Kanada inashuka hadi kaskazini mwa Florida. Na Aquilegia chrysantha, ya njano yenye vipembe virefu, hutoka kwenye mabonde ya Arizona, New Mexico na Texas, na ndiyo inayostahimili joto kuliko wenzake wengi. Ningekuwa na nafasi ya spishi moja tu Nakuru mjini, ningechagua hiyo.

Majani yamegeuka njano

Angalia ni yapi. Yakiwa ya chini tu, na mmea umemaliza kuchanua, huo ni uzee wa jani. Kata karibu na ardhi, mapya yatatoka. Yakiwa yote, pamoja na udongo uliolowa na harufu ya kuoza, ruka hadi sehemu ya mizizi.

Lakini yakiwa machanga, ya juu, njano katikati na mishipa imebaki ya kijani, Nakuru ningetazama maji kabla ya udongo. Maji ya visima virefu ya Bonde la Ufa huwa na fluoridi nyingi, jambo ambalo meno ya watu wa eneo hili yamelishuhudia muda mrefu, na mara nyingi yana sodiamu na bikaboneti, yaani yanaegemea upande wa magadi. Ukimwagilia chungu kimoja kwa maji hayo miezi na miezi, udongo unapanda kuwa wa alkali na chuma kilichomo kinafungika mmea usiweze kukinywa. Kuongeza mbolea hakusaidii. Kinga maji ya mvua kwenye tangi, yatumie kwa vyungu, na mara moja kwa mwezi mwagilia mengi hadi yatiririke chini ili kusafisha chumvi. Dawa ya chuma cha kupulizia majani huleta rangi haraka, ila bila kubadilisha maji utarudi palepale.

Michirizi myeupe imechorwa ndani ya jani

Michirizi inayopinda kama njia ya panya ni funza wa nzi mdogo anayeishi kati ya ngozi mbili za jani. Vitabu vya Ulaya na Marekani vitakutajia nzi wa jenasi ya Phytomyza walao akwilegia. Hapa mshukiwa wa kwanza ni Liriomyza, nzi wale wale wa minji, maharagwe na viazi, ambao hawachagui sana. Mmoja wao, Liriomyza trifolii, aliingia Kenya mwaka 1976 akiwa ndani ya vipande vya krisanthemamu vilivyoletwa kutoka Florida. Ni mfano mzuri wa jinsi bustani ya maua inavyoweza kuitia hasara shamba la mboga.

Michirizi inachukiza macho lakini haiui akwilegia iliyokomaa. Chuma jani lenye michirizi, liponde au lichome. Usilitupe kwenye mboji. Sumu kali za kupulizia naziepuka kwa sababu ya pili: kuna nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya funza hao. Wapo wa hapa hapa, na wapo Phaedrotoma scabriventris ambao watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliwaleta kutoka Peru kwa kazi hiyo. Ukipulizia kila wiki unawaua wao, na nzi anabaki bila adui.

Majani yakiliwa kabisa hadi mishipa, hapo ni viwavi au konokono. Toka na tochi saa mbili usiku utawakuta kazini.

Unga mweupe, au madoa ya njano yenye manyoya chini

Hizi ni dalili mbili ambazo watu huzichanganya, na kuzichanganya ni hatari.

Unga mweupe juu ya jani, kama limepakwa poda, ni ubwiri unga, unaoletwa na Erysiphe aquilegiae. Huja wakati wa mchana mkavu na usiku wenye umande, hasa mimea ikibanana ukutani. Kata majani yaliyoshikwa, achanisha mimea, tumia salfa ukiona unaenea. Mmea hauchukui muda kujirudia.

Ubwiri vinyoya ni kitu kingine. Jani hupata madoa ya njano yanayofuata mishipa, hujikunja, na upande wa chini hutokea manyoya hafifu. Machipukizi ya maua huanguka. Kimelea chake, Peronospora aquilegiicola, kiligunduliwa Uingereza mwaka 2013 na kikawasumbua sana wenye mikusanyo ya akwilegia. Hakina dawa ya maana ya bustani ya nyumbani. Ukiona dalili hizo, ng'oa mmea mzima, uchome, na usigawie jirani miche wala mbegu kutoka kitanda hicho.

Hii ndiyo sababu ya kutochukulia KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kama usumbufu. Mbegu au mimea ukiiagiza nje, kibali cha kuingiza kinachukuliwa kabla haijasafirishwa, na mtumaji aambatanishe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Najua wanaoletewa pakiti ndani ya soksi na shangazi anayerudi likizo. Ni kama huyo nzi wa 1976, tu kwamba safari hii tunamjua kwa jina.

Kama jani limepauka lote na chini yake kuna utando mwembamba kama wa buibui, hao ni utitiri wekundu, wageni wa Januari na Februari. Maji ya bomba kwa nguvu, chini ya majani, siku tatu mfululizo.

Jana ilikuwa nzima, leo imenyauka

Ng'oa uangalie mzizi. Akwilegia ina mzizi mkuu mmoja mnene unaoshuka chini, na huo ukiwa mweusi na laini, maji yamekaa. Udongo wa majivu ya volkano wa Nakuru na Njoro ni mwepesi na hupitisha maji, kwa hiyo hapa tatizo huwa chungu kisicho na matundu au shimo lililojazwa samadi mbichi. Uwanda wa Kano, kule Kisumu, ni habari nyingine: ule udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi utaiua akwilegia msimu wa kwanza. Inua kitanda futi moja, changanya mchanga na changarawe, au tumia chungu.

Mzizi ukiwa mweupe na mzima lakini umekatika, basi ni uhamisho. Mmea mkubwa haupendi kuhamishwa. Hamisha mche ukiwa na majani matatu au manne, pamoja na donge lake la udongo. Hata kule Colorado, ambako Aquilegia coerulea ya samawati na nyeupe ni ua rasmi la jimbo tangu 1899, sheria ya 1925 ilikataza kuing'oa na mizizi kwenye ardhi ya umma. Waliohamishia bustanini mimea ya mlimani wangepoteza mingi hata hivyo.

Maua yameinama

Hayana kiu. Aquilegia vulgaris, canadensis na formosa huchanua zikitazama chini, na vipembe vyake vitano vikielekea juu. Coerulea na chrysantha huinua uso. Nimeona mtu akimwagilia canadensis mara tatu kwa siku ili iinuke, na mwisho akaiozesha. Subiri: ua likishadondosha petali, ganda la mbegu litasimama lenyewe.

Vipembe vina matundu nyuma

Kila petali hurefuka nyuma kuwa kipembe, na nekta iko ncha kabisa. Urefu wa kipembe hufuata ulimi wa mgeni. Canadensis na formosa hutembelewa na ndege wavumaji, chrysantha na nondo wakubwa wa jioni, na longissima ina kipembe kinachoweza kufika sentimita 15. Afrika haina ndege wavumaji, na kusini mwa Sahara hakuna wale nyuki wanene wenye manyoya wanaohudumia akwilegia za Ulaya. Tulio nao ni chozi, nyuki wa asali, na wale nyuki weusi wakubwa watoboao mbao za paa. Asiyefikia nekta kwa mlangoni hutoboa ukuta na kuinywa nyuma, bila kugusa chavua. Hasara ni ndogo, kwa sababu akwilegia inaweza kujichavusha yenyewe, ingawa mbegu za kujichavusha hutoa miche dhaifu kiasi. Unayetaka mbegu nzuri, chukua brashi ndogo asubuhi upeleke chavua kutoka mmea mmoja hadi mwingine.

Nilipanda ya samawati, imetoka ya waridi

Spishi za akwilegia huzaana kati yao kwa urahisi mno. Ukipanda vulgaris karibu na canadensis, watoto hawatafanana na yeyote kati ya wazazi. Mbegu za chotara nazo hutawanyika rangi na umbo. Anayetaka kutunza spishi safi apande moja tu kwenye boma, au afunike maua kwa kitambaa cha neti kabla hayajafunguka na kuyachavusha kwa mkono.

Wapo pia walioniletea picha wakisema wameikuta msituni Mau. Huwa ni ndugu zake wa ukoo. Ua la samawati-kijani lenye kipembe kimoja kinene kilichoelekea juu ni Delphinium macrocentrum. Majani yaliyogawanyika matatu-matatu kama ya akwilegia, na vijiua visivyo na petali, ni Thalictrum rhynchocarpum. Akwilegia ina vipembe vitano, isipokuwa chache kama ecalcarata ya China isiyo na hata kimoja. Hayo ya Mau yaache yalipo, yako kwao.

Mwaka wa nne imekufa bila sababu

Sababu ni umri. Miaka mitatu au minne ndiyo maisha yake ya kawaida, na huku kwetu, ambako haipati msimu wa kulala, hufupika zaidi. Chuma maganda yakianza kuwa ya kahawia na kupasuka nchani, uyatikise ndani ya bahasha, uandike spishi na mwezi, na uiweke mahali pa juu: mbegu na mizizi ina sumu ikiliwa, na mbegu zenyewe zinavutia vidole vya watoto.